Mamba Havai Sweta

Haya alinieleza mjukuu wangu Jumamosi iliyopita, baada ya chakula cha mchana. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanyoosha mikono mbele, nami namvisha uzi wa sufu viganjani ili niukunje uwe donge. Mtu akifungwa mikono hana pa kukimbilia, lazima aseme. Pale ambapo sikuelewa nilimrudisha nyuma, nikamrudisha tena, mpaka akaanza kucheka. Kwa hiyo mimi nimeyasikia mara tatu, na wewe nitakupa mara moja tu, polepole.

Mjukuu wangu kazi yake ni kusafisha mawe. Usicheke. Mama yake alicheka na kicheko kikamtokea puani.

Si mawe ya kujengea. Ni mawe bapa yaliyochimbwa ubavuni mwa kilima kimoja ambapo zamani palikuwa na ziwa. Zamani ya kabla ya mtu yeyote duniani kuitwa mtu. Majani ya miti yalidondoka ziwani yakazama, tope likayafunika, likaja tope jingine juu yake, mpaka tope likawa jiwe na jani likabaki ndani kama ua lililosahauliwa katikati ya kitabu. Ukiligonga jiwe hilo kwa patasi mahali pake, linafunguka kurasa mbili, na jani hilo hapo, na mishipa yake yote, jeusi, utadhani limepigwa pasi jana.

Kinachobaki ni chembe za tope juu ya jani, na hizo ndizo anazoziondoa yeye, moja moja, kwa sindano iliyochomekwa kwenye kijiti. Sasa elewa kwamba mama yake, binti yangu wa pili, ni fundi cherehani. Miaka mitatu alimbembeleza amfundishe, mtoto akagoma: "Mama, mimi na sindano mbalimbali." Siku alipomweleza mama yake kazi aliyopata, mama aliweka mkasi chini kwanza ndipo akacheka.

"Umeikimbia sindano, sindano imekutangulia kazini!"

Na huko kazini nako, bila kujua habari hizo, walimpa jina la Sindano. Nami nitamwita hivyo.

Chumba chao ni kirefu, madirisha upande mmoja, makabati ya droo upande wa pili, na kila kitu kina vumbi la rangi ya chai ya maziwa. Mkubwa wao ni mwanamke wa makamo yaliyozidi kidogo. Usoni wanamwita Mwalimu, akigeuka wanamwita Mama Lenzi, kwa sababu ya lenzi anayoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho, na anapotaka kuona kitu anakisogelea kama anayekinusa.

Nilimuuliza Sindano, hayo majani mnayatakia nini? Mti wenyewe umekufa, hata jina hauna.

"Bibi, yanatuambia palikuwa na joto au baridi."

"Jani liseme?"

"Ukingo wake ndio unaosema."

Ndipo akanieleza, na hapa ndipo nilipomrudisha nyuma mara ya kwanza. Nenda mahali pa joto, anasema, uokote majani ya miti ya kila aina. Aina nyingi utakuta ukingo wake ni laini, mviringo mmoja kutoka kikonyo mpaka ncha. Kisha nenda mahali pa baridi, fanya vivyo hivyo. Huko aina nyingi zina meno pembeni, kama msumeno. Watu wamelihesabu jambo hilo sehemu nyingi za dunia, likawa kama kipimo: kadiri aina za ukingo laini zinavyozidi, ndivyo joto linavyopanda. Basi hata majani ya jiwe unayaweka kwenye trei mbili, yenye meno kushoto, laini kulia. Unahesabu aina, si jani moja moja. Mti mmoja hata ukimwaga majani mia, hayo ni aina moja. Ukimaliza kuhesabu unajua ziwa lile lilikuwa na hewa gani, na hakuna aliyekuwapo kukuhadithia.

Nikamwambia hilo nimelipenda. Akafurahi, uzi ukamponyoka.

Siku ya kwanza kabisa Mama Lenzi alimkalisha akamwambia hivi: "Una miezi mitatu ya majaribio. Humu ndani kosa nasamehe, sote tunakosea. Kupamba sisamehe. Ukiona kitu kibaya, kiache kibaya. Aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla yako alikuwa anapamba." Aliyekuwa kwenye kiti hicho hakuwapo tena, na hilo lilitosha.

Kazi ilikwenda hivi. Sindano akishalisafisha jani, analaza juu yake karatasi nyepesi inayoonyesha kilicho chini, na kwa penseli anafuata ukingo na mishipa harakaharaka. Huo mchoro wa kwanza. Kisha anauchora upya kwa wino, ukingo peke yake, na huo wa wino ndio unaoingia kwenye faili la Mama Lenzi, ambaye kwa jicho lile wino mweusi ulimfaa kuliko jiwe jeusi. Ile michoro ya penseli ilikuwa ya kutupa. Lakini mama yake Sindano akasema, karatasi nzuri namna hii itupwe? Nipe mimi niifanye kipimo cha kukatia kola. Kwa hiyo kila Ijumaa Sindano alirudi nyumbani na bunda la karatasi, na mama analichomeka chini ya mguu wa cherehani.

Miezi miwili na nusu ikapita. Zikapatikana aina thelathini, na trei zikasema: laini kumi na mbili, zenye meno kumi na nane. Mama Lenzi akapiga hesabu zake, jibu likatoka nyuzi joto kumi na tatu. Kwa lugha yangu na yako, baridi ya kuvaa sweta asubuhi na jioni, karibu mwaka mzima.

Jumanne akapanda ngazi Bwana Mifupa. Huyu anafanya kazi chumba cha chini, na kicheko chake kinafika kabla yake. Alikuwa amebeba kitu ndani ya taulo kama mtoto wa jana.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuletea mgeni."

"Marahaba. Kama ni mfupa, afute miguu kwanza."

Akafunua taulo. Taya la mamba, na meno yake kumi na moja yamesimama.

"Katoka wapi?" akauliza Mama Lenzi.

"Kwenye shimo lako. Tabaka lile lile la tope, hatua nne kutoka yalipokuwa majani yako."

Mama Lenzi akalisogelea taya kama kawaida yake, akalinusa. "Majani yangu yanasema palikuwa na baridi."

"Mwalimu, mamba havai sweta."

"Labda alikuwa anapita tu."

"Anapita kwenda wapi, harusini?"

Sindano akacheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza.

"Mmoja kati yetu amedanganya," akasema Mama Lenzi. "Mfupa, au jani."

"Mfupa hauna sababu ya kudanganya."

"Na jani nalo halina."

Ukitoa mfupa na ukitoa jani, kinachobaki ni mtu, na kila mmoja alilijua hilo bila kusemwa. Mama Lenzi akamgeukia Sindano. "Kagua michoro yote upya. Ijumaa natuma ripoti, na Ijumaa hiyo hiyo napeleka jina lako juu, kwamba unabaki au unakwenda. Nataka nijue naliandika jina la mtu gani."

Sindano akakagua Jumanne yote iliyobaki na Jumatano nzima. Alifungua faili, akatazama mchoro mmoja baada ya mwingine, aina kumi na nane zenye meno, meno mazuri ya wino, yamepangika. Hakuona kasoro. Ataionaje? Kukagua mchoro ulioupenda ni kukiuliza kioo kama umependeza.

Jumatano jioni akarudi nyumbani kachoka. Mama yake alikuwa na gauni la mteja, gauni la kola ya mawimbi, akainama akachomoa karatasi kwenye bunda. Akaigeuza huku na huku, akainua miwani.

"Hii kola nani kaikata? Alikuwa na njaa?"

"Si kola, mama. Ni jani. Aina namba kumi na nne."

"Namba usinitajie. Hili limeliwa."

"Lina meno, mama. Trei ya kushoto."

"Trei ndiyo nini? We mtoto, hebu lete hicho kichwa hapa." Akavuta kitambaa cha meza chenye lesi pembeni, akamwekea chini ya taa. "Tazama uzi. Unakwenda mpaka kwenye ncha ya jino, unalizunguka, unarudi. Jino hili limezaliwa na kitambaa. Haya." Akaokota kanga yake kuukuu ambayo panya waliitembelea mwaka juzi. "Hapa je? Nyuzi zimekatika njiani, hazikuwa zinakwenda kwenye jino lolote, zilikuwa zinapita zao. Panya akaja. Sasa tazama karatasi yako."

Sindano akatazama. Kwenye ile karatasi ya penseli mishipa ilikuwapo, aliichora mwenyewe, vijistari vyembamba. Vilikuja mpaka ukingoni vikakatika kama barabara iliyochukuliwa na mafuriko. Hakuna hata kimoja kilichokwenda kwenye ncha ya jino. Na meno yenyewe moja kubwa, moja dogo, moja limepinda.

Akaukumbuka mchoro wa wino wa jani hilo hilo. Meno sita yanalingana, kama msumeno mpya. Alikuwa ameyalinganisha yeye. Hakukusudia kumdanganya mtu. Mkono ulipenda yakae sawa. Na mishipa hakuichora kwa sababu hakuambiwa aichore.

"Nimepamba," akasema.

"Umefanyaje?"

Akamweleza mama yake habari ya siku ya kwanza. Chai ikapoa. Mama akawa anatoa karatasi moja moja, anasema hili limeliwa, hili la kuzaliwa, hili limeliwa, na kila aliposema limeliwa Sindano alijikunja kidogo.

"Mama, basi. Atanifukuza."

"Nguo niliyoikosea nikiipeleka kwa mteja hivyo hivyo, siku moja ataivaa, ya pili atanirudishia mbele za watu. Bora niifumue ikiwa bado mkononi mwangu."

"Ni rahisi kusema. Kazi si yako."

"Ni kweli si yangu." Mama akarudi kwenye gauni lake. "Cherehani ya pili ile pale. Ina vumbi tu."

Maneno hayo, anasema Sindano, yalimuuma kuliko hofu ya kufukuzwa.

Alhamisi aliingia kazini mapema na bunda chini ya kwapa. Karatasi tatu zilikuwa zimeshakatwa. Alizileta hivyo hivyo.

"Hizi ni nini?" akauliza Mama Lenzi.

"Kola, Mwalimu."

"Kola."

"Zilikuwa majani. Mwalimu, naomba nikwambie jambo, na usinikatize, kwa sababu ukinikatiza sitaweza kumaliza."

Akasema lote akiwa amesimama: meno aliyoyalinganisha, mishipa aliyoiacha, karatasi alizompa mama yake. Mama Lenzi hakumkatiza. Sindano alipomaliza, Mwalimu alivuta droo, akatoa jiwe namba kumi na nne, akaenda nalo dirishani. Hakulitazama likiwa limelala. Alilishika ubavu, jua likalipitia juujuu, kila kijidonda kikatupa kivuli chake. Akaleta lenzi kwenye jicho lake zima, akakaa hapo muda mrefu.

"Njoo uone. Hapa pembeni, ukingo ulipokatika. Kuna mstari mweusi, umevimba kidogo."

"Nimeuona."

"Hilo ni kovu. Jani lilikuwa hai lilipoliwa, likajifunga kidonda chake. Kiwavi alikula kiamsha kinywa hapa, akaenda zake, na jani likaishi." Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani. Kisha sauti ikarudi mahali pake. "Nani aliyeliona?"

"Mama yangu."

"Kasomea nini?"

"Cherehani."

"Mlete."

Saa tano binti yangu aliingia chumba kile, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama lenzi ya mwenzake. Walisalimiana wakitazamana vifua, kila mmoja na kamba yake. Wakaketi meza moja karibu na dirisha, na Sindano akawa wa kuleta mawe na kuyarudisha.

"Hili?"

"La kuzaliwa."

"Nakubali. Hili?"

"Limeliwa. Na aliyelila alikuwa mlafi."

"Hili je?"

"Limeliwa."

"Hapana, mama, hapo umekosea."

"Dada yangu, mimi nimekata nguo miaka thelathini."

"Na mimi nimetazama majani miaka thelathini na miwili. Shika lenzi. Fuata mshipa huu mwembamba, usiuache. Umefika wapi?"

"Kwenye ncha."

"Basi?"

"Basi la kuzaliwa. Ila fundi wake alikuwa na mkono mbaya."

Mama Lenzi akacheka, na Sindano anasema ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno ya mama yule.

Mpaka saa nane walikuwa wamemaliza. Kati ya aina kumi na nane za meno, nane zilikuwa za kuliwa. Na hapa ndipo nilipomrudisha mjukuu wangu nyuma mara ya pili. Kati ya hizo nane, tano hazikuwa aina mpya hata kidogo. Zilikuwa majani ya miti ambayo tayari ipo kwenye trei ya kulia, ila yameliwa. Ni mtu yule yule umemhesabu mara mbili kwa kuwa leo kaja na shati lililochanika. Hizo zikafutwa. Tatu zilizobaki zikahamia kulia. Basi laini zikawa kumi na tano, za meno kumi. Mama Lenzi akapiga hesabu mara mbili. Nyuzi joto kumi na tisa na nusu.

Akaufungua mlango, akaita chini kwenye ngazi: "Bwana Mifupa!"

"Naam, Mwalimu!"

"Mamba wako kavua sweta!"

Vicheko vikapanda ngazi. Lakini Mama Lenzi alipourudisha mlango hakuwa anacheka.

"Siku ya kwanza nilikwambia nini?"

"Kosa unasamehe, kupamba husamehe."

"Basi sijasamehe."

Binti yangu akashika futi yake kwa mikono miwili.

"Wino hutaushika mwaka huu. Mchoro wa penseli, na uchafu wake wote, ndio utakaoingia kwenye faili. Mama, pole, kola utatafuta karatasi nyingine. Na wewe Sindano, jina lako kesho silipeleki juu. Miezi yako mitatu inaanza Jumatatu, upya, kama vile hujawahi kukanyaga humu." Akavua lenzi, akaipangusa kwa pindo la gauni. "Na mimi nilitazama karatasi badala ya jiwe, kwa kuwa karatasi ilikuwa rahisi. Hilo nitaliandika kwenye ripoti, jina langu pembeni."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema Sindano. Alishindwa kujua kama amefukuzwa au ameajiriwa.

Mama Lenzi akavuta trei tupu kutoka juu ya kabati, akaipuliza vumbi, akaiweka katikati ya zile mbili. "Hii yako. Yote yaliyoliwa yanakuja hapa. Utahesabu matundu, yaliyotobolewa katikati, yaliyokatwa pembeni, yaliyokwanguliwa juu tu. Palipo na joto wadudu ni wengi na wanakula namna nyingi. Miaka yote hii nimekuwa nayatafuta majani mazima, yaliyoliwa yananiudhi. Kumbe nayo yalikuwa na lao la kusema."

Ndivyo ilivyokuwa. Wakatoka mama na mwana, na walipokaribia nyumbani binti yangu akasema, "Ile cherehani ya pili nitaiuza. Inanijazia nafasi." Sindano akamshika mkono.

Ripoti ilitumwa Ijumaa. Bwana Mifupa alipomaliza kula mchana huo alilala kwenye kiti, taya la mamba mapajani, na watu wakapita kwa ncha za vidole. Jumamosi wakaja kwangu mama na mwana. Binti yangu alikula, akaingia chumbani kujinyoosha dakika tano, na mpaka tunafika kwenye habari ya trei ya tatu tulikuwa tunamsikia anakoroma, futi bado shingoni.

Donge langu la uzi lilikuwa limenenepa, viganja vya mjukuu wangu vimebaki na mizunguko michache.

"Na huyo kiwavi," nikamuuliza, "naye yumo kwenye jiwe?"

"Hapana, Bibi. Mwili wake laini, uliisha. Ni matundu yake tu."

"Sasa aligeuka kipepeo wa rangi gani?"

Akafumba macho afikiri. Nilimsubiri, nikakunja mzunguko mmoja, nikakunja wa pili. Mikono ikaanza kushuka taratibu, ikatua mapajani na uzi wake, na kichwa kikaegemea ukuta.